SOMO: Kumhudumia mteja wa WhatsApp tangu "mambo, bei gani" mpaka mzigo unamfikia

Wakuu habari zenu. Wengi mmeniomba hili somo inboksi nikaona niliweke hapa tumalizane. Mimi nauza mashuka Dar, sina fremu Kariakoo, stoo ni chumba cha nyumbani na duka ni simu, kwa hiyo haya ni ya mtu mwenye mtaji mdogo asiye na hela ya kulipia matangazo kila wiki.

Msimamo wangu nausema mapema. Watu wanahangaika kutafuta wafuasi Instagram huku kwenye simu zao kuna watu kibao waliouliza bei wakaachwa hewani. Aliyeuliza bei ndo mteja, hao wengine watazamaji tu.

HATUA YA 1: Tenga laini
Pakua WhatsApp Business, ni ya bure na ipo tangu 2018. Inakaa simu moja na ile ya kawaida ila kila moja na namba yake, so chukua laini nyingine ya biashara, la sivyo mteja ataona stetasi za msiba, harusi na birthday ya mtoto wako kabla hajaona bidhaa. Jaza wasifu: unauza nini, uko wapi, saa za kazi, mzigo unatumaje. Picha iwe bidhaa, sio maua.

HATUA YA 2: Weka bei
Hapa ndo nagombana na watu. "Bei njoo inboksi" ni ya nini? Wanasema washindani wataona. Jamani, mshindani akitaka bei yako anajifanya mteja anauliza na unampa ndani ya dakika mbili! Anayepotea ni yule dada kwenye daladala ya Mbagala kasimama, mkono mmoja kwenye bomba mwingine kwenye simu, kaona shuka kalipenda, hana muda wa kuanza kukusalimia ndo ajue kama hela yake inatosha, anapitisha kidole anaenda kwa mwingine.

Katalogi, ile orodha ya bidhaa ndani ya WhatsApp Business, inabeba bidhaa mpaka 500 ila weka zile ulizonazo kweli, kikiisha kifiche. Na maelezo yasiwe "shuka kali sana usipime". Andika hivi: "Shuka 2 foronya 4, pamba, futi 6 kwa 6, moja lina mpira linabana godoro mpaka inchi 10. Tsh 45,000." Hapo umeshajibu maswali matano hajauliza hata moja.

Picha piga mchana karibu na dirisha bila flashi: moja kitandani, moja ya karibu ionyeshe mshono. Ukitumia picha ya kiwanda cha China rangi itakuja tofauti na mzigo utarudishiwa, tena kwa nauli yako.

HATUA YA 3: Jibu lako limalizike na swali
Wengi wanajibu hivi:

Mteja: Mambo, la bluu bado lipo?
Muuzaji: Lipo dear karibu

Basi, kimya, imeisha hiyo. Umemwachia yeye kazi yote. Jaribu hivi:

"Poa dada karibu. La bluu lipo, 6 kwa 6 ni 45,000 na 5 kwa 6 ni 40,000. Kitanda chako futi ngapi?"

Swali jepesi linamfanya ajibu, akijibu futi unauliza yupo wapi, akisema Tabata unampa nauli ya boda, mpaka hapo mnaongelea delivari na sio bei tena. Hayo majibu usiyaandike upya kila siku, yahifadhi kwenye majibu ya haraka, ukigusa alama ya mkwaju (/) yanatokea unachagua. Ila badilisha neno moja mawili asijione anaongea na mashine.

Halafu hii "dear" kwa kila mtu iacheni. Sikiliza anavyokusalimia: akija na "habari za leo mwanangu" huyo ni mama, mpe shikamoo yake. Akija na "oya vipi", kaka twende kazi.

Ujumbe wa kukaribisha uwashe, unajituma mtu akikuandikia mara ya kwanza au mkikaa siku 14 bila kuongea. Na wa usiku pia, useme utajibu saa ngapi, na kweli ujibu saa hiyo.

HATUA YA 4: Lebo
Hizi ni alama unazobandika kwenye mazungumzo ya kila mteja ujue kafikia wapi. Mimi ninazo nne tu: kauliza bei, kaahidi mwisho wa mwezi, kalipa, mzigo upo njiani. Ya pili ndo pesa. Mishahara ikitoka nafungua ile lebo, namwandikia kila mmoja kwa jina na picha ya kile alichokipenda. Mara moja tu. Ukimkumbusha mara tatu unakuwa mdai.

HATUA YA 5: Stetasi na brodikasti
Stetasi inakaa saa 24, so weka asubuhi watu wanapokuwa njiani na jioni wakishakula. Usirundike picha thelathini, nani anazimaliza? Weka chache, na moja iwe ya kazi yenyewe: unafunga mzigo, unapiga pasi, boda anaondoka. Watu wanapenda kuona biashara inatembea.

Brodikasti ni meseji moja unayoituma kwa watu wengi, kila mmoja anaipata kivyake. Orodha moja ni watu 256, wala usilipue kila siku. Mzigo mpya ukiingia, basi.

HATUA YA 6: Pesa na mzigo
Meseji ya malipo sio pesa, angalia salio. Meseji za kugushi zipo na picha za skrini za uongo zipo. Mzigo wa mkoani ukishaufikisha ofisi ya basi piga picha risiti, mtumie na jina la basi, namba ya gari na simu ya ofisi ya huko anakopokelea. Kesho yake muulize umefika salama, usisubiri akutafute kwa hasira.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Keki, Dodoma: Asante kwa somo. Wateja wangu wanaomba kupunguziwa mpaka nabaki na hasara, nifanyeje bila kuwaudhi?
Jibu: Mama, bei usishushe, shusha ukubwa. "Kwa 35,000 nakutengenezea ya kilo moja nzuri tu, ya kilo mbili ndo ile bei ya kwanza." Atachagua mwenyewe. Na keki chukua nusu kabla hujavunja yai, maana akiahirisha utamuuzia nani keki yenye jina la mtu?

Mdau wa Kahama: Watu wa mbali wanaogopa kulipa kwanza, wameshatapeliwa sana. Tunawashawishije?
Jibu: Mkuu wana haki kuogopa. Mpigie video umuonyeshe mzigo au rekodi kavideo kafupi unaandika jina lake juu ya kifurushi. Jina linalotokea kwenye lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, lifanane na la biashara, mtu akiona jina la ajabu anasita. Akikataa bado, mwambie aanze na kitu kidogo.

Bi Madera: Mimi niko Mombasa, hiyo lipa namba si ndiyo kama till yetu ya M-Pesa?
Jibu: Ndiyo dadangu, wazo ni lile lile. Iandike kwenye jibu la haraka pamoja na jina litakalotokea, asije akakosea tarakimu moja.

Kijana wa Viatu: Bro, mteja kanitukana kwenye komenti eti kiatu kimeachia soli wiki ya kwanza. Nifute?
Jibu: Kama ni matusi matupu futa. Ila hilo la soli ni lalamiko, mjibu hapo hapo wote waone: "Pole kaka, naomba picha na tarehe uliyonunua nilishughulikie." Mengine malizieni pembeni. Mkishamalizana muombe aseme mwenyewe palepale. Wanunuzi wapya wanasoma komenti mbaya kwanza, wanataka kuona ulivyojibu.

Mdau: Vipi kupost meseji za wateja wanaonisifia?
Jibu: Omba ruhusa, ficha jina, namba na picha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeanza kutumika 2023, sio utani. Mtu alikupa namba anunue shuka, hakukupa uitangaze.

Dada wa Vipodozi: Natuma brodikasti kwa watu 200 ila wengi naona tiki moja tu, shida bando?
Jibu: Sio bando, wengi wao hawajasevu namba yako. Brodikasti inamfikia aliyekusevu tu. Na usikimbilie zile programu za kutuma kwa maelfu, namba inafungiwa na wateja wote wanapotea nayo. Ukimtumia mteja picha ya risiti ya basi ongezea mstari mmoja, "sevu namba hii uandike Vipodozi, nikiwa na ofa nikushtue". Pale anakuwa anakusubiri wewe, atasevu.