Kabla hujanunua mipira ya matone: kutathmini mahitaji ya teknolojia ya tabianchi kwenye kata

Tathmini ya mahitaji ya teknolojia, yaani kuchagua teknolojia zinazofaa kukabili mabadiliko ya tabianchi, inajulikana zaidi kama kazi ya wizara. Nchi nyingi zinazoendelea zimeifanya tangu Mpango wa Poznan wa 2008 wa kupeleka teknolojia hizo kwenye nchi zinazoendelea, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani na usimamizi wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Tanzania ni mojawapo. Mimi huitumia njia hiyohiyo chini kabisa, kwenye kata za Moshi Vijijini, na inafanya kazi vizuri mradi usiruke hatua ya nne.

1. Anza na shida, kifaa kitakuja. Ukiuliza "mnataka teknolojia gani?" utajibiwa pampu ya sola, kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwa jirani. Uliza maji yanakatika mwezi gani, na yanapotelea wapi. Tembea na wazee wa mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) kuanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, hadi shamba la mwisho. Safari moja nilihesabu sehemu kumi na moja zinazovuja kabla hatujafika nusu ya njia.

2. Ita watu wanaogombana. Wa juu na wa chini wakae pamoja. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987, na mpunga wa tambarare umekuwa ukigombea maji na mashamba ya juu yake tangu hapo. Mkutano wa upande mmoja utakupa jibu la upande mmoja. Waite na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapa hapa Moshi, maana kibali cha kutumia maji hutoka kwao.

3. Orodhesha, kisha punguza. Kila teknolojia ipate karatasi moja: inafanyaje kazi, bei gani, vipuri vinapatikana wapi. Isiyo na fundi wa karibu iwekee alama.

4. Vigezo na uzito. Hapa usiharakishe. Mkubaliane uzito KABLA ya kutoa alama, jumla iwe 100. Alama ziwe kati ya 0 na 100, nyingi zikimaanisha nzuri. Tuseme maji yanayookolewa yana uzito 40, gharama 30, urahisi wa matengenezo 30:

- Mipira ya matone, inayodondosha maji kwenye kila mmea (maji 90, gharama 30, matengenezo 20): 36 + 9 + 6 = 51
- Kusakafia mfongo kwa sementi (60, 50, 80): 24 + 15 + 24 = 63

Sasa yape maji 70, vingine 15 kila kimoja. Mipira inapata 70.5, mfongo 61.5. Alama ni zilezile, mshindi kabadilika! Mtu mwenye mipira ya kuuza hahitaji kudanganya alama hata moja, kugusa uzito kunamtosha. Ndiyo maana mimi huuandika ukutani kwa kalamu nene, na hakuna anayeufuta.

5. Chimba vikwazo. Niliwahi kusimamia mipira ya matone iliyoletwa na wafadhili. Maji ya mfongo yana tope, chujio likaziba ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyekuwa amefundishwa kulisafisha. Nilipopita msimu uliofuata mipira ilikuwa imeanikiwa kanga. Kosa lilikuwa langu pia: niliandika "uelewa mdogo" kama kikwazo, nikaishia hapo. Endelea kuuliza kwa nini mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukilipia au kukibadilisha. Kwetu kilikuwa bwawa dogo la kutuliza tope, ambalo halikuwamo kwenye bajeti.

6. Mpango kazi. Kazi, mhusika, tarehe, fedha, na mtajuaje imefanyika. Kwenye mhusika usikubali neno "jamii". Andika mwenyekiti wa kamati ya mfongo, na namba yake ya simu. Tarehe ya kusakafia iwe Januari au Februari, mfongo ukiwa na maji kidogo na kahawa haijaanza kuwaita watu shambani. Masika ikishaingia Machi, sementi mbichi itaondoka na maji.