Jinsi ya kulinganisha matokeo ya darasa la saba kati ya shule za msingi za serikali

Kila matokeo yakitoka, orodha za "shule bora za wilaya yetu" husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na walimu wanaofanya kazi kubwa huonekana wazembe kwa sababu ya namba iliyosomwa vibaya. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini takwimu za kila shule ziko wazi, na mzazi, mjumbe wa kamati ya shule au mwalimu wa taaluma anaweza kuzilinganisha mwenyewe. Kanuni inayotangulia zote ni hii: hesabu watoto kwanza, alama baadaye.

Kukusanya takwimu

Ingia necta.go.tz, sehemu ya matokeo, chagua PSLE (mtihani wa kumaliza elimu ya msingi), kisha mwaka, mkoa, halmashauri na shule. Andika namba ya shule, ile inayoanza na PS. Majina kama Uhuru, Azimio na Mapinduzi yako kila kona ya nchi, na kosa la kuchukua shule isiyo yako hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua miaka mitatu mfululizo. Kwa kila mwaka jaza mstari mmoja kwenye Excel au daftari: waliosajiliwa, waliofanya, wastani wa shule, idadi ya A, B, C, D na E, halafu ufaulu wa Hisabati, Kiswahili na Kiingereza. Usipokuta jedwali la masomo kwenye ukurasa wa shule, hesabu madaraja mwenyewe kutoka kwenye orodha ya watahiniwa. Kwa shule ya watoto 80 ni kazi ya nusu saa.

Fanya hivyo hivyo kwa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne (SFNA), lakini rudi nyuma miaka mitatu. Waliomaliza darasa la saba 2024 walikuwa darasa la nne 2021. Utaona umuhimu wake mbele.

Jua mizani kabla ya kupima

Tangu 2021 mtihani wa darasa la saba una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na E ni 60 kushuka chini. Kabla ya hapo masomo yalikuwa matano na jumla 250. Kwa hiyo shule iliyopata wastani wa 140 mwaka 2020 na 160 mwaka 2021 haikupanda: 140 kwa 250 ni asilimia 56, na 160 kwa 300 ni asilimia 53. Ukivuka mwaka huo, geuza kila wastani kuwa asilimia.

Mtego mwingine uko kwenye neno "ufaulu". Darasa la saba, aliyefaulu ni mwenye A, B au C. Kwenye upimaji wa darasa la nne, D nayo huhesabiwa. Usiweke asilimia hizo mbili pembeni ya nyingine ukasema watoto wameporomoka.

Asilimia ya ufaulu yenyewe ni kipimo butu. Chukua shule mbili za mfano, kila moja na watahiniwa 60, waliofaulu 48. Ufaulu wa zote ni asilimia 80, karibu sawa na ule wa taifa, ambao ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023 na 80.87 mwaka 2024. Ya kwanza ina B 6 na C 42. Ya pili ina A 5, B 25 na C 18. Ukiishia kwenye ufaulu utasema zinalingana, na ukweli ni kwamba mtoto wa kawaida wa shule ya kwanza ana C, wakati nusu ya watoto wa ya pili wana A au B. Angalia madaraja yote matano kila mara.

Linganisha zinazolingana

Toa kwanza shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam au Arusha School. Ni za umma, ila wazazi huchangia ada, na watoto husoma masomo kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kuziweka kwenye orodha moja na shule ya kijijini ni kumwonea mwalimu wa kijijini. Zilinganishe zenyewe kwa zenyewe.

Zinazobaki zigawe kwa mazingira: mjini na mjini, vijijini na vijijini, jamii za wafugaji wanaohama peke yake. Tazama pia idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Ofisi ya elimu ya kata inayo. Shule yenye walimu 6 kwa wanafunzi 700 na nyingine yenye walimu 18 kwa idadi hiyo hiyo zinaweza kuwa umbali wa kilomita nne tu, na tofauti ya wastani kati yao haisemi lolote kuhusu juhudi.

Shule ndogo hudanganya

Kwenye shule ya watahiniwa 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Watoto wawili wakiugua wiki ya mtihani, shule "imeshuka" kwa asilimia 10. NECTA yenyewe, ilipokuwa ikipanga nafasi, ilitenganisha shule zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye chini ya 40. Mpaka huo ufuate hata leo.

Ukitaka kujua kama tofauti ya shule mbili ni ya kweli, fanya hesabu hii. Tuseme shule ndogo ina watahiniwa 24 na wastani 168, kubwa ina 131 na wastani 151. Alama za jumla za kila mtoto hazichapishwi, hivyo tumia alama ya katikati ya kila daraja: A 270, B 210, C 150, D 90, E 30. Shule kubwa ina A 4, B 33, C 61, D 31, E 2. Ukizidisha na kugawa kwa 131 unapata 152.7, karibu kabisa na 151 iliyochapishwa. (Zikipishana kwa zaidi ya 10, rudia kuhesabu madaraja, huenda umeruka ukurasa.) Sasa tafuta mtawanyiko, yaani alama za watoto zimetapakaa kiasi gani kuzunguka wastani: kwa kila daraja toa 152.7, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha kwa idadi ya watoto, jumlisha yote, gawa kwa 131, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 49.

Tuchukulie mtawanyiko wa shule ndogo ni huo huo. Gawa 49 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watahiniwa: shule ndogo inapata 10, kubwa 4.3. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: karibu 11. Mara mbili yake ni 22, na tofauti iliyo chini ya hapo inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya wastani ni 17, chini ya 22, kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba shule ndogo inafundisha vizuri zaidi. Ikishinda hivyo miaka yote mitatu, hapo kuna jambo la kuuliza.

Waliopotea njiani

Hapa ndipo penye habari yenyewe, na ndipo karibu hakuna anayetazama. Weka idadi ya darasa la nne ya 2021 pembeni ya idadi ya darasa la saba ya 2024. Shule iliyokuwa na watoto 118 ikamaliza na 84 imepoteza 34. Wengine wamehama, wengine wamerudia darasa, wengine wameacha shule kabisa. Wanaoacha kwa kawaida ni wale waliokuwa nyuma darasani, kwa hiyo wastani hupanda kila mmoja wao anapotoka. Shule iliyowabakiza watoto 112 kati ya 118 ikapata wastani wa 140 inaweza kuwa imefanya kazi kubwa kuliko ile ya 84 yenye 155. Tazama pia pengo kati ya waliosajiliwa na waliofanya. Likizidi asilimia 3 au 4, uliza, na tenganisha wasichana na wavulana.

Kundi hilo hilo la watoto, kutoka darasa la nne hadi la saba, hukuonyesha pia shule imeongeza nini. Usitoe alama za darasa la nne kwenye za darasa la saba, ni mitihani tofauti. Pima kila mwaka umbali kutoka wastani wa halmashauri. Kama shule ilikuwa alama 12 chini ya halmashauri darasa la nne na alama 3 juu darasa la saba, imewasogeza watoto, mradi idadi yao haijapungua sana. Wastani wa halmashauri usiupate kwa kujumlisha wastani wa shule na kugawa kwa idadi ya shule. Zidisha wastani wa kila shule kwa watahiniwa wake, jumlisha, gawa kwa watahiniwa wote.

Somo kwa somo

Kwenye shule zinazofundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ndicho mara nyingi hushusha wastani, na tofauti ya shule mbili inaweza kuwa ya somo hilo peke yake, yaani mwalimu mmoja. Hisabati itazame kwa idadi ya D na E zaidi ya A. Kiswahili kikiwa chini, shida haiishii hapo: mtoto asiyeelewa sentensi ya swali atakosa Sayansi na Uraia pia. Hili huonekana zaidi pale watoto wanapoanza shule wakiwa na lugha ya nyumbani tu, bila Kiswahili.

Namba zinazoruka

Wastani ukipanda kwa alama 50 mwaka mmoja, au darasa zima likawa na B kwenye somo lililokuwa na D mwaka uliotangulia, usishangilie bado wala usituhumu. Angalia kwanza kama watahiniwa wamepungua, kama kulikuwa na kambi ya masomo, kama walimu wapya wamepangiwa shule hiyo. Angalia pia historia ya mtihani wenyewe: mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, na ya baadhi ya shule za mikoa mingine kwa udanganyifu, na mtihani ukarudiwa. Mwaka wa namna hiyo usiutumie kama msingi wa kulinganisha.

Ukishajaza jedwali, lipeleke kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma na maswali matatu: watoto waliokosekana kati ya darasa la nne na la saba wako wapi, somo lipi limekosa mwalimu na kwa miezi mingapi, na matokeo ya mtihani wa utamilifu (mock) yalikuwaje ukilinganisha na ya mtihani wenyewe wa Septemba. Majibu yake yaandike kwenye safu ya mwisho ya jedwali hilo hilo, pamoja na tarehe.