Pakiti ya njugu ni dawa ya mtoto mmoja

Mama, ukitoka kliniki na pakiti za njugu za kutibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, usiziweke pamoja na biskuti. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kisauni, Mombasa, na hilo ndilo nisemalo kila mlango: hiyo ni dawa, na ina mwenyewe.

Kwanza apimwe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu polepole hadi tatu. Pakibaki kishimo, usidanganyike kuwa amenenepa. Ni maji hayo, mpeleke siku hiyo hiyo. Mwenye homa kali, anayetapika kila kitu au anayekataa kuonja pakiti, hutibiwa wodini kwanza.

Nyumbani, nawa kwa sabuni, naye umnawishe. Joto letu hutenga mafuta na njugu, basi ikandekande pakiti kabla ya kuifungua. Kata ncha ndogo, minya kidogo, alambe mwenyewe. Akichoka usimlazimishe: kunja ncha, ifiche sisimizi wasiifikie, umrudie baadaye. Usiikoroge kwenye uji. Maji safi ya kunywa yawe karibu, kwani humtia kiu. Anayenyonya aanze na titi, kisha pakiti, ndipo chakula kingine.

Ndani mna njugu, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500 hivi, na kwa kuwa haina maji, vijidudu havipati pa kuzaliana. Daktari wa lishe André Briend na mhandisi wa chakula Michel Lescanne waliibuni Ufaransa mwaka 1996. Mwaka 2007 WHO na UNICEF ziliunga mkono matibabu ya nyumbani, kwa mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkubwa.

Shida kubwa ni ndugu zake. Wanaona tamu, wanalia, na mama ana huruma. Lakini ukigawa, mgonjwa hapati kipimo chake na hao wengine hawashibi. Mlishe walipokwenda madrasa, au wape mbaazi zao wakati huo huo. Mama mkwe naye aelezwe mapema, asije akagawa ukiwa sokoni Kongowea. Na tafadhali, usiziuze.

Rudi kila wiki apimwe, na pakiti tupu uje nazo. Mashavu yakijaa usiache. Endelea mpaka mkono ufike sentimita 12.5, uvimbe usiwepo wiki mbili mfululizo, na kliniki yenyewe imruhusu.