Seiba ya wanawake: taa zote mbili zimewaka, pointi ni ya nani?

Wakenya wengi waliufahamu mchezo wa vitara (kupigana kwa panga za michezo) kupitia Alexandra Ndolo, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Yeye hucheza epe. Epe na seiba ni aina mbili za silaha za mchezo huu, na sheria za epe zitakupoteza ukizitumia kwenye seiba. Katika epe wawili wakigusana pamoja, kila mmoja hupata pointi. Katika seiba, taa zikiwaka zote mbili pointi huenda kwa mmoja tu, au hakuna anayeipata.

Anza na taa. Nyekundu ni ya aliye kushoto kwa refa, kijani ni ya aliye kulia. Taa huwaka chuma cha seiba, hata kwa makali, kikigusa koti la umeme au barakoa, yaani kuanzia kiunoni kwenda juu, mikono na kichwa vikiwemo. Pigo la mguuni haliwashi kitu. Mmoja akishagusa, mwenzake ana takriban milisekunde 170 za kugusa naye. Akichelewa, mashine humfungia. Ikiwaka taa moja, kwa kawaida hakuna mjadala.

Zikiwaka mbili, usihangaike kufuata ncha za vyuma, maana jicho haliziwahi. Tazama mkono wenye silaha na mguu wa mbele. Wachezaji huanza wakiwa mita 4 mbali, refa anasema “Prêtes? Allez!” (Kifaransa: Mko tayari? Anzeni!), na wote hutoka mbio. Jiulize: nani ameanza kuunyoosha mkono kumtishia mwenzake, akaendelea bila kusita? Huyo ndiye mwenye shambulio, na pointi ni yake hata mwingine akimgusa. Wakianza sawasawa, refa hutangaza “simultanée”, yaani kwa pamoja, hakuna pointi, wanarudi kwenye mistari yao.

Shambulio hupotea kwa njia chache. Mshambuliaji akiukunja mkono katikati ya safari, au akisita, haki inamtoka. Akipiga hatua ndefu ya mwisho na mguu wa mbele ukatua kabla pigo halijafika, shambulio limekwisha, na anayerudi nyuma anaweza kulichukua. Njia nyingine ni kinga: anayejilinda akilizuia pigo kwa chuma chake, jibu lake linatangulia. Hapa ndipo watazamaji wengi hukosea. Wanasikia chuma kikilia, wanadhani kinga imefanyika. Pigo likipenya na kugusa, kinga ilikuwa mbovu na pointi hubaki kwa mshambuliaji. Kelele za wachezaji zisikubabaishe pia. Zinapigwa ili kumshawishi refa.

Angalia na miguu. Kwenda mbele kwa kuipishanisha miguu, kama mtu anayekimbia, ni kosa: pigo linafutwa na kadi ya njano inatoka. Kosa la aina hiyo likirudiwa ni kadi nyekundu, na mpinzani anapata pointi ya bure. Anayerudi nyuma naye ana mita 5 tu kutoka mstari wake wa kuanzia. Akivuka mwisho kwa miguu yote miwili, ametoa pointi.

Mchezaji akichora pembe nne hewani, anaomba video. Katika mtoano ana maombi mawili. Refa akikubaliana naye, ombi halihesabiwi.

Mtoano ni hadi pointi 15, na wa kwanza akifika 8 wanapumzika dakika moja. Usiondoke hapo kwenda kuchemsha chai, kwani makocha huitumia dakika hiyo kubadili mpango mzima. Seiba hugeuka haraka. Paris, Olga Kharlan wa Ukraine alikuwa nyuma 5-11 dhidi ya Choi Sebin wa Korea Kusini kwenye pambano la shaba, akashinda 15-14. (Kwenye mashindano ya dunia pambano hilo halipo, wote wawili wanaotolewa nusu fainali hupewa shaba.)

Kwa mazoezi, tafuta video ya fainali ya siku hiyo, Manon Apithy-Brunet dhidi ya Sara Balzer, 15-12. Simamisha kila taa mbili zinapowaka, toa uamuzi wako, kisha achilia uone mkono wa refa unainuka upande gani. Ukikosana naye, rudisha nyuma kwa mwendo wa taratibu uangalie mguu wa mbele ulitua lini.