Jicho lililochomwa na kuti: kushika kidonda cha konea mapema

Hapa Lamu wagonjwa wangu wengi wa konea (kile kioo cha mbele cha jicho) ni wakwezi wa minazi, wakata mikoko na mafundi wa makuti. Nawaandikia wenzangu wa zahanati za visiwani, kwa sababu jicho huokolewa au hupotea kwenu kabla halijafika kwangu.

1. Uliza kabla ya kumulika. Nini kiliingia jichoni, na lini? Jani au kijiti huleta kuvu. Kisha uliza kwa upole: "Baba, umetia dawa gani mpaka sasa?" Kijana mmoja alitumia wiki mbili matone ya dukani yenye deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi inayotuliza wekundu na uvimbe lakini hupunguza kinga ya jicho. Wekundu ulipungua, akafurahi, na huku kuvu inakula konea. Amebaki na chamba jeupe katikati ya jicho. Jambo hilo bado linaniuma. Kidonda kikiwa wazi, usitie steroidi.

2. Tia rangi. Tone la ganzi, kisha ukanda wa karatasi wenye rangi ya fluoresini, kisha mwanga wa buluu. Kidonda hung'aa kijani. Kikiwa na matawi kama ya mti, shuku virusi vya hepesi. Hicho hutaka asiklovia ya jicho mara tano kwa siku. Kingo zilizochanika kama unyoya, na vidoa vidogo pembeni, ni dalili ya kuvu. Bakteria huja haraka, na tongotongo nyingi. Tazama pia kama usaha umetuama chini, nyuma ya konea. Pima upana kwa milimita, uandike.

3. Kwangua, kama una darubini na mafunzo. Sindano safi, ukingoni na kwenye kitako cha kidonda. Slaidi moja ya Gram (rangi ya kuonyesha bakteria), nyingine ya potasiamu haidroksaidi (ya kuonyesha kuvu). Nyuzi za kuvu zikionekana, hakuna haja ya kubahatisha.

4. Tibu. Bakteria: matone ya antibiotiki, siprofloksasini au ofloksasini, kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili za mwanzo. Kuvu: matone ya natamisini asilimia 5, kila saa akiwa macho kwa wiki ya kwanza, kisha kila saa mbili mpaka angalau wiki tatu. Dawa hii hutuama chini ya chupa kama unga. Mwonyeshe mgonjwa namna ya kuitikisa, naye akuonyeshe. Atropini, matone ya kupanua mboni, hupunguza maumivu. Usifunge jicho kwa bandeji.

Ramadhani wengine huacha matone mchana bila kusema. Mkumbushe kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Kidonda hakingoji magharibi.

5. Mpandishe boti aje kwangu siku hiyo hiyo kidonda kikiwa katikati, kikiwa na usaha, akiwa na jicho moja tu linaloona, au siku mbili za dawa zikipita bila nafuu. Konea ikitoboka, funika kwa ngao ngumu isiyogusa jicho, wala usilibonyeze.

Na mchubuko wa leo, ambao bado haujawa kidonda? Mafuta ya kloramfenikoli asilimia 1, mara tatu kwa siku, siku tatu. Mpe kabla hajatoka mlangoni, kisha umtazame tena kesho.