Upo Arusha na unatafuta boti ya matanga ya safari ndefu? Soma kabla hujatuma hela

Watu wakisikia nina boti ya matanga wanacheka, we mtu wa Sakina utaipaki wapi, Duluti? Chekeni tu. Boti iko Tanga mimi niko Arusha, na huo umbali ndo kitu cha kwanza cha kufikiria kama unataka boti ya bei poa uiandae taratibu mpaka siku uondoke nayo, Komoro, Shelisheli, popote. Wanaouza wanakusifia boti kana kwamba unakaa jirani na utaichungulia kila jioni, wakati we utaenda mara moja kwa mwezi, unadandia basi la alfajiri unafika mchana mgongo unauma. Kwa hiyo tafuta boti inayoweza kukaa peke yake wiki nne isizame.

Hela kwanza. Una dola 20,000? Nunua boti ya 10,000, maana nusu nyingine itaenda kwenye matanga, nanga na mnyororo, betri, sola, kamba, rangi ya chini, na hapo hujamlipa fundi. Usidanganywe na ukubwa pia, futi 28 mpaka 32 zinawatosha watu wawili vizuri tu. Binti mmoja Mmarekani, Tania Aebi, alianza kuzunguka dunia 1985 akiwa na miaka 18, boti yake Contessa 26, yaani futi 26, akamaliza 1987. Kila futi unayoongeza unalipia rangi, kamba, maegesho, kila kitu.

Mbao ni nzuri lakini inataka mwenyewe awepo, we wa mbali chukua faiba. Na mimi napenda zile zenye mikuku miwili (mkuku ni lile bapa zito chini ya tumbo la boti) kama aina ya Westerly Centaur, kwa sababu maji yakitoka inakaa wima yenyewe kama ng'ombe aliyesimama, hailali ubavu. Ni kweli haipandi upepo, yaani kwenda kule upepo unakotoka, vizuri kama ya mkuku mmoja mrefu, na ukiwa na haraka ya kwenda kusini wakati kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma utailaani, ila kwa hela zetu mi naona inalipa. Sikia sababu. Tanga maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku hizo maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi. Ukilala Tanga usiku wa kabla, asubuhi unaikuta boti imekaa mchangani, unaizunguka kwa miguu unakagua tumbo lote bila kulipia kreni hata senti.

Sasa hapo ndo ugonge. Chukua bisibisi, tumia mpini wa plastiki, gonga taratibu kila baada ya inchi kadhaa, tumbo na sitaha yote. Faiba nzima inalia ko! ko! kavu, ilooza ndani inalia bu, kama unagonga papai lililoiva. Boti yangu ya kwanza sikugonga, nilikaa kwenye makochi mapya ya bluu nikapewa soda nikalainika, kumbe sitaha ina mbao laini katikati ya faiba na imekunywa maji miaka na miaka kupitia kwenye matundu ya bolti. Ilivyonigharimu hata mke wangu simwambii. Makochi mapya, tivii, vikombe vyenye nembo ya nanga, vyote hivyo ni kama rimu mpya kwenye gari lililopinduka.

Halafu fungua sakafu uangalie kule chini kabisa maji yanakojikusanya, watu wa pwani wanaita ngama. Kama kuna maji chovya kidole uonje, kama hakuna mafuta lakini. Yakiwa ya chumvi yanaingia kutoka baharini, tafuta wapi, yakiwa hayana chumvi basi ni ya mvua na sitaha inavuja, au tangi la maji linavuja. Ngama ikiwa imekaushwa inang'aa siku hiyohiyo unayokuja, rudi kesho bila kutoa taarifa.

Injini, hapa sisi wa Arusha tuna bahati. Mchukue fundi wako wa Land Cruiser wa Unga Limited mlipie nauli, dizeli ni dizeli. Mwambie akifika tu aweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa, ikiwa na joto muuzaji kaiwasha mapema ili usione inavyosumbua asubuhi. Moshi wa bluu inakula oili, mweusi dizeli haiungui vizuri au imezidiwa mzigo. Kitu ambacho fundi wako hajazoea ni kwamba hii inapozwa na maji ya bahari, kwa hiyo aangalie maji yanatoka nyuma pamoja na moshi na ile kona ya egizosi haijaliwa na chumvi.

Nyaya zinazoshikilia mlingoti pitisha pamba juu mpaka chini, pamba ikinasa kuna uzi umekatika. Kampuni nyingi za bima zinataka zibadilishwe zikifika miaka 10 hadi 15, na muuzaji akisema "hizi bado kabisa" muulize risiti.

Matangi ya maji piga hesabu mwenyewe, lita 4 kwa mtu kwa siku, watu wawili siku 30 ni lita 240. Boti nyingi ndogo hazifiki hapo, utaongeza madumu, sio ishu.

Ukishapenda, toa adivansi ndogo kwa maandishi kwamba inarudi kama mkaguzi wa kujitegemea akikuta kasoro, na kwamba mtatoka baharini nusu siku matanga yakiwa juu injini imezimwa. Aliyeniuzia boti yangu ya sasa alikataa hilo la kutoka baharini mara mbili, mara ya tatu akakubali, tukatoka, usukani ukagoma kurudi kati, nikapunguziwa dola 1,500.