Kusubiri Ukaazi wa Kanada Ukiwa Dodoma: Namna ya Kulinda Tarehe na Siku Zako

Mtaalamu anayeomba kuhamia Kanada kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi huelezwa tangu mwanzo kwamba ombi lililokamilika hushughulikiwa kwa takribani miezi sita. Muda huo ni lengo ambalo serikali ya nchi hiyo imejiwekea, wala si deni ambalo mwombaji anaweza kulidai. Mwaka 2012 Bunge la Kanada lilipitisha sheria iliyofuta maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 27 Februari 2008 na ambayo yalikuwa hayajatolewa uamuzi, na watu waliokaa foleni kwa miaka wakarudishiwa ada zao. Mfumo wa sasa, Express Entry, ambamo mtu huweka wasifu wake mtandaoni na kusubiri mwaliko wa kuomba, ulianza Januari 2015 ili mrundikano wa namna hiyo usijirudie, lakini ucheleweshaji haujakoma. Mimi nilisubiri hapa Dodoma kwa miezi kumi na tisa, na kilichoniumiza zaidi ni kuona nyaraka nilizozitafuta kwa taabu zikiisha muda moja baada ya nyingine kabla uamuzi haujatoka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na daftari la tarehe. Andika humo kila hati, siku iliyotolewa na siku itakayoisha muda. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza hudumu miaka 2. Tathmini ya vyeti vya elimu hudumu miaka 5, na ndiyo inayopaswa kuanza mapema kuliko zote, kwa sababu chuo chako, kiwe UDOM au kingine, hutakiwa kutuma matokeo yako moja kwa moja kwa taasisi inayotathmini, na si kukukabidhi wewe ukayatume. Wasifu wako ndani ya mfumo hudumu miezi 12. Ukipata mwaliko wa kuomba, una siku 60 tu za kukamilisha kila kitu, na cheti cha polisi cha nchi unayoishi hakipaswi kuwa kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha ombi. Siku hizo 60 hazitoshi kwa mtu anayeanza kutafuta, bali zinamtosha aliyekwisha kuandaa.

Kabla ya hayo yote, weka majina yako sawa. Wengi wetu tuna jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine kwenye cheti cha kidato cha nne, na la tatu kwenye kitambulisho cha NIDA, ama kwa sababu ya herufi iliyokosewa au kwa sababu jina la babu liliachwa. Afisa wa mbali hajui desturi zetu za majina, naye akiona tofauti atauliza, na kila swali ni miezi mingine ya kusubiri. Shughulikia marekebisho RITA na NIDA, au andaa hati ya kiapo mbele ya wakili, wakati bado hakuna anayekuhesabia siku.

Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada, na matokeo yake hudumu miezi 12. Ombi likichelewa kupita hapo, unaweza kutakiwa kupima upya kwa gharama yako, wewe na familia yako yote, kwa hiyo tenga fedha hiyo mapema. Alama za vidole hazina tabu hiyo, kwani hudumu miaka 10. Safari za Dar es Salaam kwa shughuli hizi zimekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024. Zingatia pia kwamba hati ya kuthibitisha ukaazi, unayopewa ombi likikubaliwa, ina tarehe ya mwisho ya kuingia Kanada, ambayo kwa kawaida hufuata kuisha kwa vipimo au kwa pasipoti, na haiongezwi muda. Pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja ibadilishwe kwanza.

Kuhusu fedha za kujikimu, hapa Dodoma akiba ya watu wengi iko kwenye viwanja, lakini thamani ya kiwanja haihesabiwi, wala mkopo hauhesabiwi. Afisa huangalia salio lako la wastani la miezi 6. Kama itakubidi kuuza kiwanja kimoja, kiuze mapema na utunze mkataba wa mauziano ili ueleze fedha ilikotoka. Vingine viache. Usiache kazi, usiwatoe watoto shule, usivunje mkataba wa nyumba kabla viza haijakuwa mkononi. Nimeona watu wakiishi miaka miwili kama abiria waliokaa juu ya mabegi yao, na nawasihi wengine wasifanye hivyo.

Katika muda wa kusubiri, maisha hubadilika, na kila badiliko la familia lazima litolewe taarifa: ndoa, talaka, mtoto aliyezaliwa. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Mtoto wako yeyote, hata uliyempata nje ya ndoa, hata anayelelewa na bibi yake Kondoa na ambaye hutarajii kusafiri naye, anapaswa kutajwa kwenye fomu na kupimwa afya. Usipomtaja, kwa kanuni za Kanada kwa kawaida hutaweza kumdhamini baadaye akufuate. Wapo wanaoficha kwa kuogopa maneno ya ndani ya nyumba. Ongea na mwenzako leo, kwa maana gharama ya kunyamaza atailipa mtoto.

Ukishaingia Kanada kama mkaazi wa kudumu, unaanza kuhesabu upya. Sheria inakutaka uwe umekaa nchini humo siku zisizopungua 730 katika kila kipindi cha miaka 5. Siku hizo si lazima zifuatane, na sehemu ya siku huhesabiwa kuwa siku nzima, hivyo siku ya kuwasili na ya kuondoka zote ni zako. Wengi huingia mara moja ili kutimiza tarehe, kisha hurudi Dodoma kumalizia mkataba au kumuuguza mzazi. Inaruhusiwa, lakini piga hesabu: aliyeingia tarehe 10 Juni 2024 akarudi nyumbani na kukaa hadi Juni 2027, miaka miwili iliyobaki inampasa aikae Kanada karibu yote bila kutoka. Tena kadi ya kwanza ya ukaazi hutumwa kwa anwani ya Kanada tu, nayo anwani hiyo hutakiwa itolewe ndani ya siku 180. Usiondoke bila kuwa na ndugu au rafiki wa kuipokea.

Siku za nje huhesabiwa katika hali chache, kama vile kuambatana na mwenzi aliye raia wa Kanada, au kutumwa nje kwa muda na mwajiri wa Kanada katika kazi ya muda wote. Kuajiriwa ukiwa hapa hapa Dodoma na kampuni ya Kanada hakutoshi.

Kadi kuisha muda hakumaanishi kwamba ukaazi umekwisha. Ukiwa nje utaomba Kanada hati maalumu ya safari ya mkaazi wa kudumu, ambayo si pasipoti, na hapo ndipo siku zako zitahesabiwa. Ukikataliwa kwa sababu ya siku pungufu, una siku 60 za kukata rufaa, na sababu za kibinadamu husikilizwa zikiwa na ushahidi. Kama ulibaki kumuuguza mama aliyelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, hifadhi kila karatasi ya hospitali yenye tarehe, pamoja na tiketi na mihuri ya pasipoti.

Baada ya siku 1,095 ndani ya miaka 5 unaweza kuomba uraia wa Kanada, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyoimiliki. Ukaazi wa kudumu hauugusi uraia wako. Mwenye shamba la zabibu Hombolo anayetaka kulirudia anaweza kubaki mkaazi na kuhuisha kadi kila baada ya miaka 5, mradi aendelee kuandika kwenye daftari kila siku anayotoka na kila siku anayoingia.